Sanduku la wasomaji: Kile kitu chenye kingine kimetokea, mu Kingereza tunakiitaje?

Jambo sana Mama mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa jeolojia hapa Lubumbashi, nakaa Kampemba, niko mwaka wa mwisho na memwari yangu, ile kazi ya kuandika ya kumaliza masomo, iko karibu kwisha, inabakia paka ule muhtasari wa Kingereza wenye banatuomba siku hizi. Sasa nimekwama kwa neno moja tu. Naandika juu ya malakiti, lile jiwe la kijani lenye shaba, vile inatokea mu madini ya sulfuri. Malakiti najua njo “derivative”, lakini ile ya kwanza, ile yenye imeizaa, inaitwaje? Niliandika “origin”, direktere wa memwari akaikata na biki nyekundu. Nikaweka “ancestor”, akaikata tena. Nikatafuta ku telefone, ikanipa “progenitor”, “originator”, “antecedent”, na lingine “deriver”, sijui hata moja linaingia wapi. Kweli Kingereza hakina neno moja la kusema kitu chenye kingine kimetokana nacho? Munisaidie, sutenansi, ile siku ya kuitetea memwari, iko karibu.
Mwanafunzi wa Kampemba

Mwanangu, direktere wako hakukosea, na swali lako ni zuri sana, kila mwaka wakati wa memwari linanifikia kwa sura mpya, huyu anaandika juu ya dawa, huyu juu ya sheria, huyu juu ya benki, na wote shida yao ni ileile, “derivative” wanaishika mkononi lakini mwenzake hawamuoni.

Nikujibu kwanza, maelezo yatafuata. Kama unaongea juu ya madini moja yenye imegeuka kuwa malakiti andika “parent mineral”. Kama unaongea juu ya kundi lote la sulfuri za kule chini andika “primary minerals”, na malakiti yenyewe uiite “secondary mineral”. Hiyo “derivative” iache, wanajeolojia hawaitumii kwa mawe na itakuletea maswali ya bure mbele ya jopo. Sentensi ya kuweka leo leo ni hii: “Malachite is a secondary mineral formed by the alteration of primary copper sulphides.” Inasomeka hapa, inasomeka Kitwe, inasomeka Johannesburg.

Sasa tuongee vizuri, kwa sababu neno moja la kufaa kila mahali kweli halipo, na mtu akikuambia lipo anakudanganya. Kila kazi imejichagulia lake. Kamusi ya telefone inakupa yote mu mstari mmoja kama vile yanalingana, kumbe hayalingani hata kidogo.

“Origin” ilikatwa kwa sababu haitaji kitu, inataja mwanzo. Ukiandika “the origin of malachite” msomaji anangojea umueleze malakiti ilitokeaje, ilianzia wapi, kwa njia gani, hangojei umuonyeshe jiwe lingine. Unaweza kusema jiwe ni “of volcanic origin” na iko sawa kabisa, lakini huwezi kushika kalkopiriti, sulfuri moja ya shaba, mkononi ukasema hii ni “the origin”. “Ancestor” nayo ni ya wenye damu na ukoo, watu na wanyama na mimea, na lugha pia maana lugha nazo tunazihesabu kama ukoo. “Progenitor” iko palepale, wataalamu wa mbegu wanaipenda: mahindi ya bukari yetu yalitokea mu nyasi moja ya Mexico inaitwa teosinte, watu wa kule waliilima na kuichagua tangu miaka karibu 9,000 iliyopita mpaka ikawa hindi tunalolijua, basi teosinte njo “wild progenitor” wa mahindi. “Originator” ni mtu, mwenye alianzisha jambo. “Antecedent” ni ya sarufi, lile jina lenye kiwakilishi kinarudi kwake, na usiichanganye na “antécédents” za daktari, hizo mu Kingereza ni “medical history”. “Deriver” sahau kabisa. Iko mu kamusi kwa sababu kila kitenzi kinaweza kuzaa mtendaji, lakini hakuna fundi wa kazi yoyote mwenye anaisema.

Shida yetu sisi wa Kongo ni kwamba tumesoma kwa Kifaransa, na Kifaransa kinapenda kuita kila kitu “mère”. Ukibeba huyo mama kumpeleka Uingereza anagawanyika mara tatu, na hapa njo pa kuangalia sana maana hakuna kanuni, ni ya kujua tu.

Mara nyingi anakuwa “parent”. Kampani yenye makao makuu, “maison mère”, ni “parent company”, na filiale yake ni “subsidiary”, mtoto pale haitwi binti wala mwana. Lugha yenye imezaa zingine, “langue mère”, ni “parent language”. Roche-mère ya udongo ni “parent rock”, ama kwa upana zaidi “parent material”, mtu wa Goma akilima maharagi juu ya lava ya zamani ya Nyiragongo, ile lava imevunjikavunjika ikawa udongo, lava njo “parent material” ya shamba lake. Lakini ona vile Kifaransa kinatuponza: roche-mère ya petroli, lile jiwe lenye mabaki ya viumbe ndani yake yenye kuivishwa na joto la chini mpaka yakawa mafuta kama yale ya Muanda, ile siyo “parent rock”, ni “source rock”. Kifaransa neno moja, Kingereza maneno mawili, na mtu wa petroli akisoma “parent rock” mu ripoti yako atajua mara moja kwamba ulitafsiri. Na sehemu zingine mama anabaki mama: “carte mère” ya ordinatere ni “motherboard”, lugha ya mama ni “mother tongue”, na yale maji yenye kubaki wakati fuwele zimekwisha kujitenga, “eau mère”, ni “mother liquor”, hiyo utaisikia mu viwanda vya hidro, vile vya kutoa shaba kwa maji ya asidi, kila siku.

Ya kunifurahisha zaidi ni ya nyuklia, na iko yetu, maana mgodi wa Shinkolobwe hauko mbali na Likasi na uranium yake iligunduliwa mwaka 1915. Mu Kifaransa atomi yenye kuvunjika ni “noyau père” na yenye kutokea ni “noyau fils”, baba na mwana. Mu Kingereza inakuwa “parent” na “daughter”, mzazi na binti! Uranium 238 ni “parent”, nusu yake inahitaji miaka karibu bilioni 4.5 kuvunjika, inapita kwa mabinti wengi, radium iko kati yao, mpaka inafika kwa metali ya risasi 206 yenye haivunjiki tena. Ukiandika “father nucleus” na “son nucleus” kila mtu atakuelewa lakini hakuna mtu mwenye anasema vile. Na kule Shinkolobwe kulitokea pia madini ya pili yenye rangi ya njano kali, yalielezwa kisayansi kwa mara ya kwanza kutoka mgodi ule mu miaka ya 1920, moja lilipewa jina la Becquerel, mwenye aligundua mionzi ya uranium, lingine skłodowskite kwa jina la ukoo wa Marie Curie kabla ya kuolewa. Hayo yote ni “secondary”, na mzazi wao, “primary”, ni uraninite nyeusi. Kwa hiyo ukiandika juu ya Shinkolobwe utahitaji “parent” mara mbili kwa maana mbili, moja ya atomi na moja ya jiwe, uangalie usizichanganye mu aya moja.

Turudi kwa malakiti yako, kwa sababu kuna jambo moja direktere atakuuliza tu. Chukua jiwe la malakiti vile wanauza mu mji, limekatwa na kupigwa polishi, utaona mistari ya kijani kilichokolea na kijani chepesi inazunguka, mmoja ndani ya mwingine. Kila mstari ni tabaka lenye maji yaliliacha, kidogo kidogo. Mvua inaingia mu ardhi na hewa yake, inakutana na sulfuri za shaba, kalkopiriti, borniti na zingine, inazichoma polepole na kuchukua shaba. Shaba inatembea na maji. Halafu kaboneti inatoka wapi? Mawe yetu ya Katanga yenye shaba mengi ni ya dolomiti, na dolomiti ni kaboneti, pale shaba inakutana nayo inatulia na kuwa malakiti. Maana yake malakiti haina mzazi mmoja! Shaba ilitoka kwa sulfuri, kaboneti ilitoka kwa jiwe na kwa hewa yenye imeyeyuka mu maji. Ndiyo maana “parent mineral” iko sawa ukiongea juu ya shaba tu, lakini ukitaka kueleza kitu chote andika “source of copper” na “source of carbonate”, kila kimoja na chanzo chake. “Source” inakubali kuwa nyingi bila shida, “parent” inataka kuwa moja. Heterojeniti, ile nyeusi yenye wachimbaji wanaitafutia kobalti, ifanye vilevile, kobalti yake kwa kawaida ilitoka kwa karoliti, sulfuri ya kobalti, ya chini.

Kuna na maneno mengine mawili ya jeolojia ningependa uyashike. “Protolith” ni jiwe vile lilikuwa kabla ya joto na mgandamizo kuligeuza, marumaru “protolith” yake ni jiwe la chokaa, kwartziti ni jiwe la mchanga. Hilo ni neno safi sana, halina utata wowote, likikuhusu litumie bila woga. Na “protore” ni lile jiwe lenye madini hafifu ya kwanza, lenye halikutosha kuchimbwa, lakini maji ya juu yalipolisafisha na kukusanya shaba pahali pamoja likazaa madini ya kuchimba. Halafu pale malakiti imekula azuraiti ya bluu na kubaki na umbo lake, wanajeolojia hawatafuti hata jina la mzazi, wanaweka neno dogo tu, “malachite after azurite”. “After” hapo inasema ile ya kwanza ilikuwa azuraiti. Hiyo naipenda kuliko zote, fupi na haikosei.

Kwa wengine wenye wanasoma na hawako mu mawe, mimi nawashauri muangalie kwanza ile ya kwanza imepatwa na nini. Imegeuka na kwisha ndani ya ile ya pili? Basi ni “precursor” ama “parent”, na kiwandani ni “raw material”, muhogo ni “raw material” ya unga. Iko bado palepale na ya pili inaiegemea? Benki wanaita “the underlying asset”, tani za shaba zenyewe ni “underlying” na kandarasi yenye kuuziwa juu yake njo “derivative”, pale neno hilo lina nyumba yake halisi. Imenakiliwa ama kutafsiriwa ama kuimbwa upya? “Original”, ama “source text” kwa watafsiri, na sheria ya Marekani ya haki za mtunzi inasema “derivative work” ni yenye msingi wake ni “preexisting works”, kazi zenye zilikuwako mbele. Wa programu wanasema “base class” ama “parent class” na mtoto wake “derived class”. Unaona? Neno linafuata kile kilichotendeka kati ya vitu viwili, halifuati vitu vyenyewe.

Na ukikosa neno kabisa usilazimishe. Kingereza kina vitenzi vya kutosha, “is derived from”, “comes from”, “formed from”, “is based on”, andika kitenzi halafu taja kitu kwa jina lake, “the chalcopyrite”, kwisha. Kitenzi chenyewe “derive” kimetoka Kilatini, maana yake ya kale ni kuchepusha maji kutoka kijito, “rivus” ni kijito, na “source” ni pale maji yanapochimbuka. Ukiwa na mashaka kabisa chagua “source”, itaonekana ya kawaida tu lakini haitakuaibisha.

Mama mwalimu, niko Bukavu, nasoma famasia. Profesa anasema artesunate, ile dawa ya malaria, ni dérivé ya artemisinine, na kinini inatoka kwa kinkina yetu ya huku. Mu Kingereza zote mbili niseme “source”?
Msomaji wa Kadutu

Hapana ndugu, na umefanya vizuri kuleta mifano miwili pamoja kwa sababu haifanani.

Kinini iko tayari ndani ya ganda la mti. Wafamasia Pelletier na Caventou waliitenga mwaka 1820 kule Paris, hawakuiumba, waliitoa tu. Kwa hiyo mti wa kinkina ni “source” ya kinini, ama “source plant”, na kitenzi chake ni “extracted from” ama “isolated from”. Usiandike kinini ni “derivative” ya kinkina, maana “derivative” mu kemia inataka molekuli moja iguswe na kubadilishwa kidogo ikawa nyingine.

Artesunate ni hiyo kabisa. Kuna mmea, Artemisia annua, ndani yake kuna artemisinine, wakemia wanaichukua wanaibadilisha mahali pamoja na wanapata artesunate, ama artemether. Hapo uko na hatua mbili na kila hatua ina neno lake: mmea ni “source”, artemisinine ni “parent compound”, artesunate ni “derivative”. Artemisinine yenyewe ilitengwa China mu mwaka 1972 na timu ya Tu Youyou, mwaka 2015 akapewa Nobel, na kwake pia ni kutenga, siyo kuumba.

Uangalie jambo lingine maana linachanganya hata madaktari. Ukimeza artesunate, mwili unaigeuza haraka kuwa dihidroartemisinine, na hiyo njo inapigana na malaria. Mwanafamasia akiongea juu ya mwili anasema artesunate njo “parent drug” na yenye imetokea ni “metabolite”. Sasa artesunate ambayo dakika ile ilikuwa mtoto imekuwa mzazi! Hakuna makosa, ni kwamba mzazi ni wa kazi fulani tu, kwa mkemia ni mtoto na kwa mwenye kupima damu ni mzazi. Mu memwari yako andika wazi unaongea juu ya kiwanda ama juu ya mgonjwa, maana dozi inahesabiwa kwa jina la dawa na mtu akichanganya majina anaweza kuchanganya vipimo. Hapa sichezi, neno baya kwenye dawa lina madhara.

Mwalimu mwenzangu, nafundisha Goma. Wanafunzi wananiuliza neno lenye “kitabu” limetokea linaitwaje, na lile lenye “mpishi” limetokea. Kamusi inasema “root” kwa yote mawili. Ni kweli?
Mwalimu wa Goma

Siyo kweli, mwalimu, na wanafunzi wako wana macho.

“Kitabu” imetoka Kiarabu, “kitāb”. Lile neno la lugha nyingine ama la zamani lenye la leo limetokea linaitwa “etymon”. Hali kadhalika “meza” na neno la Kireno “mesa”, “shule” na neno la Kijerumani “Schule”. Ukiona “etymon” ni nzito kwa darasa sema “source word”, na lugha yenyewe ni “source language” ama “donor language”.

“Mpishi” haikusafiri kutoka popote, ilizaliwa nyumbani kwa “pika”. Hapo kuna maneno matatu na watu wanayachanganya sana. “Root” ni kipande kidogo kabisa chenye hakigawanyiki tena, “-pik-”. “Stem” ni kile kinachobeba viambishi vya nyakati na nafsi, “-pika”, “-pikia”, “-pikisha”. “Base” ni chochote chenye unakiongezea kitu, kidogo ama kikubwa, kwa hiyo ukitoka “pika” kwenda “pikia” base yako ni “-pik-”, ukitoka “pikia” kwenda “pikiwa” base yako ni “-piki-”. Ukitaka usikosee darasani tumia “base”, inafaa kila hatua. Na waambie watoto wenye wanatoka Kifaransa waache “radical”, Kingereza cha kila siku kinaisikia kama mtu mkali wa siasa.

Mama, mtoto wangu alisoma hesabu huku Katuba kwa Kifaransa, sasa tumempeleka Ndola. Anajua dérivée na primitive. Mwalimu wa kule akisikia “primitive” anamuangalia tu. Neno gani?
Mzazi wa Katuba

Mzazi mwenzangu, hesabu njo pahali pekee penye swali la mwanafunzi wa Kampemba lina jibu moja safi, maana pale kila fonksio yenye imetokea ina ile yenye imeitoa, na zote mbili zina majina.

“Dérivée” ni “derivative”. “Primitive” ni “antiderivative”. Kingereza nacho kina “primitive” kwa maana hiyohiyo, utaikuta mu vitabu vya iniversite, lakini mwalimu wa sekondari haisemi sana na watoto wa kule wanalijua neno lile kwa maana ya kitu cha kishenzi, ndiyo maana wanashangaa. Mara nyingi zaidi atasikia “integral”, ama “indefinite integral”, na kazi yenyewe ni “integrate”. Akiona “differentiate” ajue ni “dériver”, hapa watoto wetu wengi wanaanguka kwa sababu wanangojea “derive”, na “derive” kwa mwalimu wa kule maana yake ni kuonyesha fomula ilitokea wapi, hatua kwa hatua. Mtihani ukisema “derive the formula” na mtoto akaanza kutafuta dérivée, amepoteza alama zote za swali lile na hesabu anazijua. Mtengenezee karatasi ndogo ya maneno hayo aibandike ndani ya daftari.

Mimi nafanya kazi kiwandani, shefu wetu ni mu Afrika Kusini, kila siku anasema “feed”. Na ile terrili nyeusi ya mji wetu, ule mlima wa takataka za tanuru, ni “derivative” ya shaba?
Mfanyakazi wa Ruashi

“Feed” ni madini yenye kuingia mu kiwanda siku ile, ile yenye kutoka ni “product”. Mu kemia na petroli utasikia “feedstock”, ni kitu kimoja. Kwa hiyo kiwandani mzazi anaitwa chakula, na ukimwandikia shefu ripoti usiweke “parent” wala “origin”, weka “feed” na asilimia ya shaba iliyokuwa ndani yake, hiyo njo anaitafuta.

Terrili siyo “derivative” ya shaba, baba. Shaba na zile takataka za tanuru zilitoka pamoja kwa “feed” moja, ni ndugu. Inaitwa “slag”, na kama haina faida ni “waste”, kama ina faida ni “by-product”. Ile yetu ilitupwa miaka na miaka kama “waste”, halafu walipoona kobalti iko nyingi ndani yake wakaanza kuichukua na kuiyeyusha upya. Siku ile yenyewe ikawa “feed”.